Koboko 1976: Siku damu ya mume wangu ilipokataa kuganda

Wakuu, salamu zenu popote mlipo.

Wengi humu mnaniita "mkuu" mkidhani mimi ni mwanaume mwenye kitambi. Mimi ni bibi, nina wajukuu walionipita urefu, na shikamoo zenu bado nazidai. Ila leo sikuja kugombana.

Juzi kuna kijana alileta uzi humu anasifia kuumikwa. Anasema ukitolewa damu chafu mgongoni, homa yoyote inakimbia. Nikasoma komenti zote mpaka chai ikanipoa mkononi.

Sipingi kuumika. Nimezaliwa na muumikaji, na ada ya shule yangu ilitoka kwenye pembe. Lakini kuna kitu nilikiona kwa macho yangu, na kinanitisha mpaka leo. Nilichokiona nitasema nimekiona. Nisichokijua nitasema sijui, na nisivyovijua viko vingi.

Twende taratibu.

Mimi naitwa Keji, ni Mkakwa, kwetu ni Dranya, karibu na Koboko, kule West Nile ya Uganda. Kiswahili hiki kilichonyooka nimekipata Mwanza nilikohamia baadaye. Kule kwetu enzi hizo Kiswahili kilikuwa cha soko na cha jeshi, "iko" na "hapana" zinabeba mzigo wote. Nitaandika watu walivyosema. Mwenye kucheka acheke kimya kimya.

Mama yangu alikuwa na pembe za ng'ombe zilizokatwa ncha na kutobolewa tundu dogo. Anachanja ngozi kwa wembe, anabandika pembe, anavuta hewa kwa mdomo kupitia lile tundu, halafu analiziba kwa nta aliyoificha shavuni. Pembe inang'ang'ania mgongo kama kupe.

Sasa hapa msikilize vizuri, maana mambo yote yalianzia hapa.

Pembe ikibanduliwa, mama anamwaga kilichomo juu ya jani la mgomba na kukitazama. Ikiwa nyeusi, imeganda, inatetemeka kama ini, anasema basi, damu mbaya imetoka. Ikiwa nyekundu na nyepesi, anasema ile mbaya bado haijafikiwa, na anaongeza pembe nyingine.

Hiyo ndiyo ilikuwa elimu yake. Na ilimheshimisha. Wake za maofisa walishuka kutoka Arua Hill, mtaa wa wakubwa, na viatu vyao vya visigino, wakaja kukaa kwenye mkeka wa mama kule Dranya.

Jambo la pili mnalotakiwa kulijua: kwetu mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawagusani. Hawali pamoja, hawatazamani usoni, wakikutana njiani mmoja anaingia kwenye nyasi mpaka mwenzake apite. Wakigusana, hata kwa bahati mbaya, inachinjwa mbuzi kuondoa aibu. Si kwamba wanachukiana. Hiyo ndiyo heshima yenyewe.

Mume wangu aliitwa Alfonsi. Alikuwa Mkongo wa upande wa Ariwara, mfanyabiashara, mcheshi, mrefu. Mwaka ule sabuni na chumvi zilikuwa adimu, na yeye alikuwa anazivusha mpaka Sudan kwa baiskeli na kwa malori ya watu. Mila yetu haikuwa yake, lakini aliishika kuliko hata Wakakwa wenyewe. Akiona kitambaa cha mama kwa mbali tu, tayari yuko kwenye nyasi.

Tulikuwa na mtoto mmoja, Monika. Alikuwa bado ananyonya, ndiyo kwanza anajifunza kukaa.

Mwaka huo, 1976, habari zikaanza kuingia soko la Koboko na wanawake wa Sudan waliokuwa wanaleta ufuta. Walisema upande wa Maridi kuna homa. Mtu anaumwa kichwa, halafu macho mekundu, halafu damu inatoka puani na kwenye fizi, halafu anazikwa, halafu aliyemzika naye anaanza kuumwa kichwa.

Watu wakaacha kupeana mikono sokoni. Mtu akipiga chafya, kibanda kizima kinahama. Mimi nilikuwa nauza vitunguu pale na moyo uko Sudan, maana Alfonsi alikuwa bado hajarudi.

Akarudi. Nilifurahi mpaka nikasahau kumtazama macho.

Siku chache baadaye akalala na homa. Akasema ni malaria tu. Tukampa klorokwini. Homa haikusikia. Koo likamuuma hata mate hayapiti, macho yakawa mekundu kama ya mtu aliyekaa kwenye moshi siku nzima.

Nikamuuliza, "Kule ulilala wapi?"

Akageukia ukutani. "Kwa mutu ya kazi," akasema. "Rafiki yangu. Alikufa. Mimi nilibeba yeye."

Wakuu, nikakaa chini pale pale. Alikuwa ameficha kwa sababu aliogopa watu wangetufukuza, au askari wangekuja kutuchukua. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua, lakini siku ile na mimi nilitaka kuficha. Nilimwambia mama yangu peke yake.

Mama akaja na kikapu chake cha pembe. Akasimama nje ya nyumba. Ndani asingeweza kuingia: mkwe wake amelala mle, mgongo wazi.

Basi tukafanya kama watu wa kwetu wangefanya. Mama akakaa nje kwenye kivuli cha paa, akauegemeza mgongo wake ukutani. Mimi nikaingia na pembe na wembe. Mimi nafanya, yeye anaongoza kwa sauti kutoka upande wa pili wa ukuta wa udongo. Nilikuwa nimemtazama tangu utoto, mikono inajua.

Nikachanja, nikabandika, nikavuta, nikaziba. Nikabandua na kumwaga kwenye jani.

"Damu imeganda?" mama akauliza kutoka nje. Alitumia Kiswahili ili Alfonsi naye aelewe.

"Hapana ganda, mama. Iko kama maji."

"Basi ile mbaya iko ndani bado. Weka ingine, chini kidogo."

Nikachanja tena.

"Sasa?"

"Iko kama maji."

"Weka ingine."

Hapo ndipo ningependa yule kijana mwenye uzi wake asome polepole. Mama hakuwa mjinga. Alikuwa anafuata kanuni iliyomsaidia maisha yake yote. Ila kanuni ile ilitungwa kwa damu ya mtu wa kawaida, na yeye damu hii hakuwa anaiona. Alikuwa anaisikia tu kwa mdomo wangu.

Nilipoinama kuchanja mara ya tatu nikaona chale za kwanza. Zilitakiwa ziwe zimeshafunga zamani. Zilikuwa zinatoka, taratibu, bila kelele, zinashuka mbavuni na kulowesha mkeka. Nikatazama mkono wake aliokuwa ameuegemeza kwenye ukingo wa kitanda. Palikuwa na alama nyeusi kubwa kama amepigwa rungu, na hakuna aliyempiga. Akafungua mdomo aombe maji, meno yote yamezungukwa na damu.

Niliogopa, wakuu. Niliogopa mpaka nikasikia sauti yangu kama ya mtu mwingine.

"Mama. Ile ya kwanza inatoka."

Nikasikia mgongo wake unabanduka ukutani.

"Ile ya kwanza kabisa? Mpaka sasa?"

"Mpaka sasa."

Nikaona mwanga wa mlangoni umezibwa. Mama alikuwa ameingia.

Alfonsi pamoja na homa yake yote akajifunika uso kwa mkono. "Mama, hapana ona mimi," akasema, "hapana ona mimi."

"Mimi hapana ona wewe," mama akasema. "Mimi naona damu tu."

Akalitazama jani. Akachovya kidole, akakisugua na kidole gumba, akasubiri. Sijawahi kumwona mama yangu akiogopa kabla ya siku ile, na niliijua hofu yake kwa sababu alianza kuzungumza polepole sana.

"Hii si damu mbaya," akasema. "Hii damu imesahau kazi yake. Keji, toka. Osha mdomo, osha mikono na majivu. Wewe iko na mtoto."

"Mama, huyu mkwe wako..."

"Najua. Toka."

Akavua kitambaa chake cha kichwani, akakikunja, akakibana kwenye mgongo wa mkwe wake kwa viganja vyake viwili. Mimi nikatoka.

Ngoja niweke maelezo kidogo hapa, maana najua kuna wataalamu wa kubisha humu. Nilielezwa miaka mingi baadaye na mtu wa maabara, na nimemrudisha nyuma mara nyingi mpaka nikaelewa.

Mishipa ya damu kwa ndani imepigwa lipu. Lipu yenyewe ni seli nyembamba sana zilizoshikana. Zikiwa nzima, damu inateleza bila kuvuja na bila kuganda. Ukijikata, lipu inapasuka pale tu, chembe sahani zinakimbilia pale, na protini za kugandisha zinafuata na kujenga kizibo.

Sasa baadhi ya virusi vya homa hizi za kuvuja damu vikiingia, vinaanza na seli za ulinzi. Seli zile zinapiga kelele mwili mzima, kelele kuliko kiasi. Lipu inalegea, mishipa inaanza kuvuja. Baadaye virusi vinaingia hata kwenye lipu yenyewe. Na ile kelele inawasha ugandishaji kila mahali kwa wakati mmoja, kwenye mishipa midogo ambayo haikuwa na jeraha lolote. Ini, ambalo ndilo linatengeneza protini za kugandisha, nalo limeshashambuliwa, haliwezi kuleta nyingine.

Ni kama fundi aliyemaliza saruji yote kuziba nyufa zisizovuja. Tundu la kweli likitokea, hana hata kijiko.

Kwa hiyo damu ya Alfonsi haikuwa nyepesi kwa sababu uchafu ulikuwa bado ndani. Ilikuwa nyepesi kwa sababu vya kugandisha vilikuwa vimeshatumika. Na sisi tulikuwa tunamwongezea matundu.

Nimerudi, nilikuwa naepua maharage.

Tulipata lori la tumbaku lililokuwa linakwenda Arua. Dereva tulimwambia ni ajali ya baiskeli. Mama alikaa nyuma juu ya marobota, mkwe wake amelala kifudifudi mbele yake, na yeye hakutoa viganja vyake mgongoni kwa Alfonsi njia nzima. Mimi nilikaa mbali nao kwa amri yake, nimempakata Monika.

Monika alilia kwa njaa. Nikafungua nguo nimnyonyeshe.

Mama akanipigia kelele kuliko kelele zote alizowahi kunipigia. "Wewe uliweka mdomo kwa pembe! Hapana patia yeye ziwa!"

Nikafunga nguo. Mtoto akaendelea kulia. Kwenye kizuizi askari alipanda tairi achungulie mzigo, akaona mkeka uliolowa damu, akashuka bila kuuliza kitu. Akatupungia mkono tupite haraka.

Hospitali ilikuwa ya misheni, nje ya mji. Daktari alimtazama Alfonsi akiwa hatua kadhaa mbali, akauliza alikotoka, kisha akatutenganisha. Alfonsi kibanda chake, mama kibanda chake, mimi changu, vyote vimezungushiwa uzio wa matete. Dada yangu aliyeolewa Ajia akaja kumchukua Monika. Niliomba nimguse tu kichwani, wakakataa, na walikuwa na haki.

Daktari alisema wazi kwamba hajui ni kirusi gani. Damu ilipelekwa mbali kupimwa na majibu sikuwahi kuyasikia. Kwa hiyo mkiniuliza jina la ugonjwa, sijui.

Nawaambia hofu ninayoijua mimi. Ni kuamka asubuhi na kujigusa paji la uso kabla hujafungua macho. Ni kutemea mate kwenye kiganja na kuyatazama rangi. Maziwa yalinijaa mpaka kifua kikawaka moto, nikayakamua ardhini na kuyafukia kwa majivu, na kila tone nilikuwa najiuliza kama nimeshamnyonyesha mwanangu kifo kabla hatujajua. Watu wa Ajia walikuwa wanatuma salamu kwamba mtoto anakunywa uji. Sikuwaamini. Niliona wananificha.

Alfonsi akaanza kupata nafuu. Sijui kwa nini yeye. Walimpa maji ya mshipa, wakamwongezea damu ya watu, na mwili wake ukashinda. Siku niliyosikia amekula uji nilicheka peke yangu kama mwehu.

Siku hiyo hiyo nikasikia mama anaumwa kichwa.

Siku chache baadaye waliniruhusu nisimame nje ya uzio wake, mbali kidogo. Matete yalikuwa yamebanana, simwoni. Ilikuwa mchana, jua kali, na namsikia anavyopumua.

"Mama, iko namna gani?"

"Niko salama. Mgongo tu. Ile lori."

Nikasikia kitu kidogo kinakwaruza ndani, nikaujua mlio wake, ni wembe unafunguliwa kwenye karatasi yake. Mama alikuwa amekuja nao, umefungwa kwenye pindo la nguo. Nikajua anafanya nini. Anajichanja kidole, anatonesha kwenye jani, na anasubiri kusoma. Hakuna daktari aliyemwambia afanye hivyo. Alitaka kujua mwenyewe, kwa elimu yake.

Nikasubiri na yeye, kila mtu upande wake wa matete. Safari hii mimi ndiye niliyekuwa nje.

Mwisho nikashindwa. "Mama, damu imeganda?"

Nikasikia karatasi ya wembe inakunjwa tena.

"Imeganda," akasema. "Imeganda muzuri sana, kama ini. Sasa wewe enda. Osha mikono. Ngoja mtoto wako."

Wakuu, nilirudi kibandani kwangu nikalala usingizi wa raha ambao sikuwa nimeupata tangu Alfonsi arudi. Nilimwamini. Katika maisha yangu yote mama hakuwahi kukosea kusoma damu.

Alifariki kesho yake.

Muuguzi aliyemhudumia ndiye aliyeniambia. Alikuta jani chini ya kitanda, na kidole cha mama kimefungwa kipande cha kanga, na kipande chote kimelowa. Damu juu ya jani ilikuwa imetambaa mpaka ukingoni na kumwagikia sakafuni. Alijua. Alijua na akaniambia imeganda, ili nilale.

Alizikwa na watu wa hospitali. Hatukumwosha, hatukumlilia juu ya mwili. Kwetu hilo ni jambo zito, na ndugu zake walitunung'unikia miaka mingi. Mimi sikununa. Mama mwenyewe angetufukuza pale kaburini kwa fimbo.

Mimi homa haikunipata. Sijui kwa nini. Labda pembe iliizuia damu isifike mdomoni, labda ni Mungu tu.

Alfonsi alipopata nguvu za kutembea, akanunua mbuzi na kumfikisha Dranya. Wajomba wakamwambia si lazima, aliyevunja mwiko ni marehemu, na aibu imeondoka naye. Alfonsi akakataa. Alilia mbele yao, mwanaume mrefu vile, kipara kichwani kwa sababu ya ugonjwa.

"Yeye alishika mimi na mikono yake," akasema. "Mbuzi iko yangu."

Wakamchinja mbuzi.

Alfonsi ameniacha miaka kadhaa iliyopita, kwa uzee. Mgongoni alikuwa na alama za chale zangu, na hakuna hata moja ambayo mama hakuibana kwa kiganja.

Funzo, maana najua mnalitaka. Mtu mwenye homa na dalili za damu, fizi, macho, alama nyeusi bila kupigwa, usimchanje, usimuumike, usimtoboe chochote. Damu ikikataa kuganda haikudai pembe nyingine, inakudai uache. Usiiguse kwa mikono mitupu. Kimbilia hospitali na useme ukweli ulikotoka. Na muumikaji wenu akiona damu ya hivyo asiwaharakishe kwenda kwa daktari, huyo mkimbieni.

Wenye ujuzi wa tiba, nisahihisheni nilipoteleza. Na wenye wazazi waumikaji, nyumbani kwenu nako walikuwa wanasoma damu kwenye jani? Niandikieni, nitajibu polepole, macho hayanisaidii.

Yule mtu wa maabara niliyemtaja ni Monika. Ndiyo, yule yule. Uji wa Ajia ulimkuza.

Tunaishi jirani hapa Mwanza, na kila akija ananichoma kidole kunipima sukari. Akimaliza huwa namuuliza kama imeganda. Ananicheka, anasema, "Imeganda, mama, tulia."

Namwambia anionyeshe.